Injini Isiyotaka Mafuta

Mama alitoa sharti lake akiwa amesimama mlangoni mwa karakana yangu, mkono mmoja kiunoni.

"Mashine ya baba yako inalala," alisema. "Ndugu yako kule Koboko anataka. Onyesha mimi mkono yako inaweza kazi, mashine itabaki. Haiwezi, iende."

Alikuwa akisema juu ya mashine ya kukereza vyuma. Baba, aliyekuwa fundi wa magari jeshini, aliinunua alipostaafu, akaiweka hapa nyumbani, mtaa wa Oli, akanifundisha kuitumia. Alipofariki ikawa mali ya mama, nami nikaendelea kuifanyia kazi. Kisha mwaka jana nilikwenda Kuluba kutengeneza mashine ya kusaga unga, mkanda wake ukanikamata mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini mkono ulibaki ukitetemeka. Nilikuwa naona haya kupokea kikombe mbele ya wageni.

Mtu mwenye akili zake angekereza bushi moja, kile kibomba cha ekseli ya toroli, akamwonyesha mama, mambo yakaisha. Mimi nina kichwa kigumu. Bushi ya toroli inamsamehe fundi, nami sikutaka kusamehewa. Nilitaka kujua ukweli wa mkono wangu, hata kama ukweli huo ungeipeleka mashine Koboko. Nikachagua kutengeneza injini ndogo ya kukaa kiganjani, inayoendeshwa na mwali wa moto.

Injini hiyo ni jambo rahisi kueleza na gumu kutenda. Taa ndogo ya spiriti inawaka mbele ya tundu la silinda. Pistoni ikirudi nyuma inavuta mwali uingie ndani. Hapo valvu, ambayo ni kibati chembamba tu, inaziba tundu. Hewa iliyopata moto inapoa na kunywea, na hewa ya nje inaisukuma pistoni irudi ilikotoka. Basi. Nguvu yake ni ndogo sana, kiasi kwamba uzi ukiigusa inasimama. Pistoni ikilegea kidogo, haiendi. Ikibana kidogo, haiendi.

Mama alisikiliza maelezo yote hayo, akauliza swali moja tu.

"Itazunguka muda gani?"

"Muda unaotaka wewe, Mama."

"Mpaka nimalize chai yangu," akasema. Na mama yangu hanywi chai kwa haraka.

Siku ikapangwa. Ndugu yangu mdogo, anayetengeneza pikipiki za boda karibu na soko la Koboko, angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na pikapu ya kukodi.

Chuma nilikitoa kwenye silivu, yaani bomba la ndani ya silinda, ya injini chakavu. Nilifunga kiwiko changu kwenye ubao kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikajifunza kusogeza kisu cha mashine wakati wa kutoa pumzi tu. Kazi ya siku moja ilinichukua wiki. Niliharibu pistoni ya kwanza nikaitupa uani kwa hasira, halafu nikaenda kuiokota, maana jirani angeuliza. Ya pili ilikubali. Niliitia ndani ya silinda, nikaziba mwisho kwa kidole, ikakaa. Nikaachia kidole, ikashuka yenyewe taratibu mpaka chini. Nilicheka peke yangu.

Jioni ile niliifunga injini yote pamoja. Asubuhi nikawasha taa, nikasokota gurudumu. Likazunguka mara tatu, likasimama. Nikasokota tena, mara mbili. Nilipoifungua nikakuta pistoni ina utando wa kahawia unaonata. Nikasema ni masizi. Nikabadilisha spiriti, nikafupisha utambi, nikasafisha kila kitu, nikaipiga msasa laini. Asubuhi iliyofuata, yale yale. Na iliyofuata.

Kila mara nilipopiga msasa, chuma kilipungua. Siku ya nane pistoni ilishuka kama jiwe kisimani, nikajua nimeimaliza. Chuma kilichobaki kilitosha pistoni moja tu.

Sasa niseme ukweli. Kipindi kile niliuchukia mkono wangu, nikiamini ndio uliokosea kipimo. Nilikuwa nautazama mezani ukitetemeka, nauona ni mkono wa mtu mwingine aliyenijia nyumbani bila kualikwa. Nilimpigia ndugu yangu simu kumwambia aje mapema achukue mashine. Alipopokea nikamuuliza habari za watoto, nikakata. Kisha nikarudi nikafunga kiwiko kwenye ubao.

Pistoni ya tatu ilimalizika Alhamisi. Ilipita jaribio la kidole vizuri kuliko zote. Niliifunga ndani ya injini nikaenda kulala bila kuiwasha, kwa woga.

Ijumaa niliamka mapema kuliko kawaida yangu, nikaenda moja kwa moja karakanani. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ndani, ameshika kopo la mafuta ya cherehani, lile lenye mdomo mrefu. Alitia tone kwenye bawaba za mlango. Akatia kwenye jiliwa ya kubania vyuma. Akapaka mashine ya baba, akaifuta kwa kitambaa. Halafu akainamia injini yangu ndogo, akasema "Bismillahi", akatia tone moja kwenye silinda, akafuta vizuri mpaka hakuna alama.

"Mama!" Nilipiga kelele ambayo sijawahi kumpigia mama. "Unafanya nini?"

Akageuka bila kushtuka. "Natia mafuta. Chuma bila mafuta inakufa. Baba yako hakukunywa chai mbele ya kutia mafuta, wewe unajua."

Nilijua. Nyumba yetu ililelewa kijeshi: jembe, baiskeli, kufuli, kila chenye chuma kilipata mafuta kabla ya binadamu kupata chai. Nilichosahau ni kwamba baba alipokufa, mtu fulani alilazimika kulishika lile kopo.

"Injini hii haitaki mafuta!" nilisema. "Mafuta yanaungua ndani yanakuwa gundi! Wiki tatu, Mama! Wiki tatu nasema ni mkono wangu!"

Mama aliliweka kopo mezani. "Wakati wewe unalala hospitali," akasema polepole, "nani alitia mafuta mashine hii? Mvua iko inaingia pale juu. Unaona kutu?"

Sikuona kutu. Mashine ilikuwa inang'aa mwanzo mpaka mwisho, kama baba alivyoiacha. Nikakaa kwenye kigoda nikalia, tena kwa sauti. Nililia kwa haya ya kumfokea, na zaidi nililia kwa furaha, maana haukuwa mkono wangu. Siku zote zile haukuwa mkono wangu.

Tulifungua injini pamoja. Nilisafisha silinda na pistoni kwa spiriti mpaka zikakauka kabisa, safari hii bila msasa. Kisha nikampa mama penseli laini na wembe.

"Hii ndiyo mafuta yake?" akauliza kwa dharau.

"Ndiyo, Mama. Mafuta kavu."

Akachonga risasi ya penseli ikawa unga, akaipaka pistoni kwa kidole chake pande zote, kwa uangalifu ule ule, na bismillahi ile ile.

Ndugu yangu aliwasili Jumamosi na kamba mbili na magunia ya kufungia. Ni kijana mwema, alisimama kando akiona aibu. "Kaka, mimi sitaki kugombana," alisema. "Kazi Koboko iko mingi, mashine iko moja."

"Subiri mama amiminiwe chai," nikamjibu.

Mke wangu alimimina, chai ya tangawizi, ya moto. Niliwasha taa, nikaacha silinda ipate joto. Nikasokota gurudumu. Likasimama. Nikangoja kidogo, nikasokota tena, na mwali ukainama, ukaingia tunduni, ukatoka, ukaingia. Tak, tak, tak. Nikaondoa mkono.

Mama alipuliza chai. Akanywa funda, akapuliza tena. Ndugu yangu alichuchumaa, uso wake karibu na moto, akasahau kamba mikononi. Kikombe kilifika nusu. Mama akaomba sukari, akakoroga, naapa alikoroga kwa makusudi. Injini iliendelea. Alimaliza, akakifunika kikombe kwenye sahani.

Alinyanyuka, akachukua kopo lake la mafuta, akaipita injini ndogo bila kuigusa. Akaanza kuipaka mashine ya baba, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, tone kwa tone. Ndugu yangu akamtazama, kisha akaanza kukunja kamba zake.