Mmoja Kanawa Uso

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sekondari moja ya Ruangwa, Mkuu wa Idara ya Kiswahili hakunipa chaki. Alinipa daftari la jalada la kahawia, kingo zimelika, akasema, "Kijana, humu mna majibu. Shairi litabadilika, jibu halibadiliki. Ukileta ya kwako, wanao watafeli na wewe utaulizwa." Mimi ni mwoga tangu utotoni, sifichi. Nikalipokea kwa mikono miwili.

Shairi tulilolirudia kuliko yote lilinitisha hata nikilisoma mchana. Kijiji kizima kinajipaka majivu usoni, mtu mmoja ananawa, nao wanamfukuza huku wakiimba. "Wote wamepaka jivu, mmoja kanawa uso." Mizani kumi na sita, yaani silabi, nane kwa nane. Dhamira, lile wazo kuu, daftari lilisema ni umoja: anayejitenga huangamia. Nilifundisha hivyo Ruangwa miaka saba, kisha nikahamishiwa Nachingwea na daftari langu kwenye begi.

Huko nilimkuta Halima wa kidato cha tatu, aliyetoka Kilimarondo akakaa kwa shangazi yake mjini. Siku moja Mwalimu wa Taaluma, mtu aliyetisha hata akikohoa, alikaa nyuma ya darasa kukagua somo langu. Nikauliza nafsineni ni nani, maana yake yule anayesema ndani ya shairi. Halima akasimama.

"Mwalimu, mie naona ni mmoja wa waliopaka jivu. Hamchukii yule aliyenawa. Anaogopa tu wenzake wasije wakamgeukia na yeye."

Nilisikia kalamu ya Mwalimu wa Taaluma ikikwaruza karatasi. Tulikuwa na desturi ya kusahihisha: aliyekosea husimama, wenzake humgeukia na kumsomea jibu la daftari mara tatu. Nikasema, "Mgeukieni mwenzenu." Wakageuka kwa pamoja. Mara ya tatu hawakuwa wakisoma tena, walikuwa wakimpigia kelele, na mimi nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ubao.

Kesho yake dawati lake lilikuwa limesukumwa mlangoni, peke yake. Wakaanza kunong'ona kwamba simba wanaoingia mashamba ya Kilimarondo wanafugwa kwa uchawi nyumbani kwao. Siku ya tatu nikakuta majivu kwenye kiti chake. Alinifuata ofisini.

"Mwalimu, waambie waache. Wewe wanakusikia."

Nilijua ni kweli. Lakini Mwalimu wa Taaluma alikuwa meza ya pili, na katika ripoti yake alikuwa ameniandikia kuwa darasa langu lina nidhamu nzuri. Nikamwambia, "Utazoea, mwanangu." Wiki iliyofuata hakuja, wala hakurudi tena. Kwenye daftari la mahudhurio nikamwandika mtoro.

Sasa nimestaafu, nina mikorosho yangu Nambambo. Ninyi mnaoanza ualimu mnaniheshimu, mnaniita mwalimu wa walimu, na kila mnaponiita hivyo naona aibu. Lile daftari niliwarithisha mimi.

Mwezi uliopita, sokoni Nachingwea, mwanamke aliyekuwa akipima mbaazi aliinua kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilimtambua kwa sauti. Siku hizi sina mkubwa wa kunitisha, lakini niliitikia nikitazama mbaazi. "Marahaba, Halima."

"Lile shairi bado linafundishwa?"

"Bado."

"Na jibu?"

Ilikuwa nafasi yangu ya kumwambia kwamba alipatia, na kwamba nilijua hivyo hata kabla hajaketi. Lakini nyuma yangu watu walikuwa wamepanga foleni, wanatusikiliza.

"Lilelile," nikasema.

Akanifungia mbaazi zangu, akamgeukia mteja aliyefuata.