Sauti ya Bibi Melania kwenye Bafle

Jamani, hii aibu niliapa nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa hata wauza samaki wa soko la Rumonge wananiuliza "Madamu, kiatu kilipatikana?", bora niiseme mwenyewe.

Mimi ni mwalimu, nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nikarudi kwetu na maneno mengi, basi watu wa mtaa wanadhani najua kila kitu, na mimi siwakatalii. Ndiyo maana jirani yangu Mama Ornella aliniletea telefone ya binti yake wa miaka kumi na nne.

"Madamu, huyu mutoto tangu bibi yake afe iko tu mu huu mchezo, hali, hasemi. Baba yake anataka kuitupa ziwani. Tuangalilie. Ukisema mchezo ni mubaya, telefone inaenda majini."

"Niachie siku tatu," nikasema, kama daktari.

Siku mbili sikuigusa. Asubuhi ya tatu nikaufungua mchezo, kumbe ni ile michezo ambayo unaumba mtu wako, unamtembeza, anakua, anapata nguvu. Nikaona msitu mweusi, ziwa limetulia kupita kiasi, na mwanamke mzee amenipa mgongo. Upesi nikaifunika telefone kwa kitambaa bila hata kuufunga mchezo (mimi, mwalimu!), nikakata shauri kwamba ni mbaya.

Mchana wa siku hiyo ndiyo ilikuwa kuganduka kwa bibi mwenyewe, Bibi Melania, yaani sherehe yetu ya kumaliza matanga, nyumbani kwao, hatua chache kutoka ziwani. Nilipewa kazi ya nyimbo, telefone yangu ikawa haina chaji, nikasema si ninayo hii ya Ornella, nikaiunganisha na bafle za kanisa, spika mbili kubwa.

Saa tisa upepo wa ziwa ukakata ghafla, maturubai yakatulia tuli. Mukubwa wa familia akasimama, nikazima wimbo. "Tumelia, tumemaliza," akasema. "Melania, lala. Hatukuiti tena, na wewe usituite."

Bafle zikakwaruza, kisha kikatoka kikohozi. Kikohozi chake, jamani, kile kikavu cha mara mbili, tulichokisikia kupitia ukutani mwaka mzima!

"Mbona umeniacha peke yangu? Rudi nyumbani, bugali inapoa."

Kila mtu alidhani anaambiwa yeye, na mimi zaidi, maana hospitali sikwenda kumuona na sufuria yake kubwa ilikuwa jikoni kwangu tangu Noeli. Kikohozi kikaja tena. Ayiweee! Nikapiga kelele, "Nitairudisha, bibi, leo leo!", nikaruka benchi, nikapindua chungu cha pombe ya ndizi, kiatu kikabaki huko, nikafika barabara ya Nyanza-Lac mguu mmoja peku, na nusu ya wageni nyuma yangu wakidhani najua tunakokwenda.

Nilipogeuka, chini ya turubai amebaki Ornella peke yake, amekumbatia bafle, analia. Nikarudi nimeinamisha kichwa. Baba yake alishanyakua telefone, miguu iko ndani ya maji.

"Madamu, wewe ndiye uliyeangalia. Ni mubaya?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama yule mtoto. "Sijaucheza," nikasema mbele ya watu wote. "Sijui kitu."

Ndipo Ornella akaeleza. Mchezo unakuruhusu kumpa mtu wako sauti, naye akampa yule mwanamke mzee ujumbe wa sauti ambao bibi alimtumia Ornella akiwa shule ya bweni. Ukimwacha muda mrefu, anakuita, na mimi nilimwacha wazi tangu asubuhi.

"Mimi nilikuwa simwachi, baba. Ndiyo maana nashinda kwenye telefone."

Baba yake akatoka majini. "Anataja na jina langu?"

"Hapana, baba. Iko na maneno hayo tu."

"Basi weka hayo."

Tukayasikiliza mara nne, na tuliokuja kumaliza kulia tukalia upya, hata mukubwa wa familia.

Jioni nikairudisha sufuria, nimeisugua mpaka inang'aa. Jumamosi nikakaa na Ornella, nikaucheza kweli, tukawafungia watu wasiojulikana wasimwandikie mle mchezoni, wazazi wakampangia saa za kucheza na saa za kulala. Mimi sihukumu tena mchezo wa mtoto wa mtu kabla sijaucheza, na nitaucheza nimevaa raba, kamba nimezifunga. Na siku hizi Ornella akilala, baba yake ndiye anayemtembeza bibi, asije akaita.