Jina kwenye Msalaba wa Babu

Leo fundi anapaka rangi geti la jirani, na harufu yake imenirudisha kijijini kwetu Iyula, siku tulipomzika babu. Rangi ya msalaba wake ilikuwa bado haijakauka.

Babu alikuwa mjukuu wa mwene, chifu wa jadi, kwa hiyo alistahili kuzikwa msituni walikolala watawala wa zamani. Lakini kwenye msalaba baba alikuwa ameandika jina la ukoo kwa Z, kama alivyoandikishwa shuleni. Wazee wa ukoo, wanaoliandika kwa Nz, waliziba njia na mapanga mikononi.

"Wa Z hatuwajui," alisema mkubwa wao. "Mkamzike kwenye mibuni yenu."

Baba alimjibu kwa ukali, na mapanga yakainuka kidogo. Nilijificha nyuma ya kitenge cha bibi.

Yule mzee akaniona. "Wewe, babu yako alikufundisha kulitamkaje jina lenu?"

Bibi akaninong'oneza, "Sema tu, mama, kama alivyokuwa anasema yeye."

Nikalitamka kama babu, likianzia puani. Wazee wakatazamana, wakashusha mapanga, wakapisha jeneza.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mzee alinishika mkono, akamwambia baba, "Huyu ni wetu." Hakuniachia mpaka kaburi lilipofukiwa lote. Baba alikuwa amesimama upande wa pili, akinitazama, na hakuthubutu kuja kunichukua.