Pointi za mukwe wangu

Mukaribie, batoto, na munyamaze kwanza, juu hii kisa inaomba masikio.

Wakati ya fujo tulikimbia Lubumbashi na pikipiki, mukwe wangu, bwana ya binti yangu, mbele, mimi nyuma, tukaelekea Kasomeno kwa dada yangu, kwenye huyu mukwe alikuwa ananipelekaka kila mara. Toka safari ya kwanza, kila fasi tulisimamaka, yeye aliitia alama, pointi, kwa GPS yake, kamashini ya kuonyesha njia.

Kwa barrière, kizuizi ya barabara, soldat akafungua ile kamashini.

“Pointi zote hizi katikati ya pori, nyumba hakuna! Unaonyesha adui fasi ya kupita?”

Mukwe wangu akatazama chini. Bunduki ikagusa kifua yake.

“Ongea!”

Njo nikafahamu: jibu iko, lakini kwa desturi yetu mukwe hawezi kuitamka mbele yangu, mama ya bibi yake. Heshima ni kitu muzuri, lakini siku ile ilikaribia kumuua.

“Papa soldat,” nikasema, “pale pote njo nashukaka kukojoa. Mi niko muzee. Yeye anaona haya kuniuliza, anafuata pointi zake, anasimama tu mwenyewe.”

Soldat akacheka mpaka bunduki ikashuka.

“Mupite, mama!”

Soldat alibakia na GPS. Binti yangu alibakia na bwana muzima. Mimi nilirithi mukwe mwenye, nikiingia kwa mulango, kwa haya anatorokea kwa dirisha.