Njia Waliyopita Wabeba Chumvi

Mwanangu, siku aliyonigombeza baba porini huko chini ya kijiji cha Nduguti ninaikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa kijana, shule nimeiacha darasa la nne, nina nguvu za fahali na mdomo usio na breki. Tulikuwa tunatafuta kaburi la babu yangu. Babu alifia njiani akirudi na mzigo wa chumvi kutoka ziwa Eyasi, baba angali mtoto. Wenzake wakamzika juu ya mwinuko, kando ya njia. Desturi ya wabeba chumvi ilikuwa hivi: kila atakayepita hapo anaokota jiwe jeupe korongoni, anapanda nalo, analiweka juu ya marehemu. Baba alitaka kitu kimoja tu, naye aweke la kwake.

Mimi nikashika barabara ya magari, napekua vichaka kushoto na kulia. Baba akasimama.

"We! Unamtafuta mzee kwenye barabara ambayo hakuipita?"

"Sasa baba, alipita wapi?"

"Ningejua, ningekuita uje unipigie kelele?"

Njia yenyewe ilishalimwa na kuota miiba, na walioijua wamekufa. Baba naye akafa, jiwe alilookota korongoni siku ile likiwa dirishani. Nikalirithi. Kila nilipojenga nyumba mpya, kitu cha kwanza kuhamia kilikuwa jiwe lile.

Mimi nimeuza vitunguu mpaka nikasomesha watoto, bila kubembeleza mtu. Sikudhani kuna cha kujifunza kwa anayeshinda mbele ya kompyuta. Ndipo akaja Mariamu, binti wa jirani yangu, aliyesomea mambo ya ramani. Anatafuta njia za zamani za misafara. Akafungua kompyuta mezani kwangu, nikaona nchi yetu yote imelala pale, kila kilima na kila korongo. Nikavuta kiti, nikamsimulia habari ya babu na kaburi lake.

"Babu, mzigo wa chumvi ulibebwaje?"

"Kwani hicho kidude chako hakijui?"

"Hakijui kitu, babu. Kinajua miteremko tu. Mpaka mimi nikiambie kuna mtu, bega linamuuma, na ana kiu."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Nikamweleza niliyoyasikia kwa baba: mzigo mzito begani, mteremko mkali wanaukwepa, wanalala penye maji. Akaingiza yote. Mashine ikapima kila mwinuko, ikatafuta pa kupita bila kumuua mbebaji, ikachora mstari. Mwanangu, mstari ule haukuisogelea barabara ya magari! Ulizunguka nyuma ya mlima, upande ambao mimi na baba hatukuwahi kukanyaga.

"Huenda nimekosea, babu," akasema. "Huu ni mstari tu. Lazima twende kwa miguu."

Hapo nikamheshimu kabisa.

Tukaenda. Juu ya mwinuko, kwenye udongo mwekundu, tukakuta lundo la mawe meupe, laini, ya korongoni. Mawe ya namna ile hayapandi mlima yenyewe. Mariamu akapiga vigelegele, kisha akaniona uso, akasogea kando. Nikatoa jiwe la baba mfukoni, nikaliweka.

Nilipogeuka, Mariamu hayupo. Ameshuka korongoni. Akarudi anahema, na jiwe lake mkononi.

Basi sikia, mimi sizungushi maneno. Ukitaka kujua waliokutangulia walipita wapi, usianze na barabara unayoiona leo. Uliza kwanza walibeba nini, na maji waliyanywa wapi. Mashine ikiwepo, itumie. Mzee akiwepo, muulize upesi, maana hatukai. Kisha nyanyuka, ukaone kwa miguu yako. Mungu akupe akili ya binti yule na magoti ambayo mimi sina tena; na siku utakapolazwa chini, asikose mtu wa kukupandishia jiwe.