Bleuzenn na Maji ya Mtakatifu Diboan

Bleuzenn Kerdraon aliitunza chemchemi ya Mtakatifu Diboan miaka thelathini na minane, na hakuna aliyemwajiri. Kazi aliirithi kwa mama mkwe wake, pamoja na brashi ya kusugulia. Kila Jumamosi alishuka bondeni na mitalawanda yake, akaondoa ukoga katika beseni lililochongwa kwa jiwe moja, akafuta mabenchi mawili ya mawe, akaipangusa sanamu ya mtakatifu ndani ya kishubaka chake. Juu ya kishubaka waashi walichonga mwaka, 1652, na chini ya miguu ya mtakatifu waliacha ufa wa upana wa kidole. Maji huingilia hapo. Pua ya mtakatifu ilivunjwa wakati wa Mapinduzi, mfalme alipokatwa kichwa. "Harufu ya dhambi zetu haimfikii," Bleuzenn alikuwa akisema, "ndiyo maana anatuvumilia."

Kwetu, mtu akizidiwa na ugonjwa, ndugu zake walimwendea Bleuzenn. Alizibua kizibo cha mbao, beseni likakauka, kisha akasali rozari. Maji yakirudi kabla ya makumi matatu ya Salamu Maria kwisha, mgonjwa atapona. Yasiporudi, aitwe padri.

Mwaka 1967 serikali ilikuwa ikiyaunganisha mashamba yetu madogo. Matuta ya miti yaliyoyatenga yalisawazishwa, na juu ya chemchemi ukaanza kuchimbwa mtaro wa kukausha malisho. Mwenye mashine alikuwa Tudual, mtoto wa kaka yake Bleuzenn.

Jumatano moja Bleuzenn akakuta maji yamepungua vidole vinne. Alipanda mlima, akasimama mbele ya ile mashine. Sisi tuliokuwa tukifua huko chini tuliacha nguo, tukamfuata.

"Shangazi, toka hapo! Utamezwa na tope!"

"Umeukata mshipa wa maji, Tudual."

Bwana mpimaji wa mjini, aliyesimamia kazi, akacheka. "Mama, mshipa uko upande wa pili, ninao kwenye ramani. Mtakatifu wako amechoka tu, mwache alale."

Bleuzenn hakumtazama. "Tudual, ulipougua mapafu, nani alizibua beseni?"

"Wewe, shangazi."

"Yakarudi kumi la ngapi?"

"La pili. Umeshaniambia mara mia!"

"Basi leo mgonjwa ni chemchemi yenyewe. Yasiporudi, chimba mpaka Paris, sitafungua kinywa."

Niliogopa. Neno la Bleuzenn halikuwa na mlango wa nyuma.

Tukashuka sote hadi kwenye beseni, akazibua. Maji yakaenda zake, jiwe likabaki tupu. Kumi la kwanza likaisha, ufa mkavu. La pili, tone moja tu. Mpimaji akatazama saa yake. La tatu lilipoanza nikamnong'oneza, "Sali polepole, dada."

"Mungu hapunjwi," akajibu, akaendelea kwa mwendo uleule.

Salamu Maria ya sita. Ya saba. Kwenye ya nane ufa ukakohoa. Maji yakatoka, mazito, ya manjano kama uji.

"Haya, si yamerudi?" mpimaji akasema. "Mgonjwa mzima! Twende tukachimbe."

Tudual alichutama. Akachovya kidole, akausugua ule udongo, kisha akatazama buti zake. Bondeni kwetu udongo ni mweusi tii. Buti zake zilikuwa za manjano.

"Huu umetoka kwenye mtaro wangu," akasema taratibu.

"Rudi kazini, bwana."

"Chimba wewe."

Tudual alirudi juu, akapanda kwenye mashine, na mpaka jua linazama alikuwa akiufukia mtaro alioufungua mwenyewe. Mpimaji aliandika barua, wakubwa wakaja, wakachovya vidole nao. Mtaro ukahamishiwa ng'ambo ya miti ya mialoni.

Siku ile Bleuzenn alikuwa amebakiza Salamu Maria mbili. Alizimalizia pale pale, akarudisha kizibo, akaanza kukomba tope.

Maji yalikaa ya manjano hadi sikukuu ya mtakatifu, mwezi Julai. Tulimletea Bleuzenn maji ya kisima amwoshe nayo mtakatifu, akakataa. "Asubiri," alisema, "kama tulivyosubiri sisi."