Kuta Nne za Mabalozi Wanne

Enzi zetu, ninyi mliopita huko mnanielewa, hakuna aliyejengewa uwezo. Tulikuwa nao tu, kama chawa. Nililiwaza hilo mwezi uliopita hapa Karatu nikiwa kwenye warsha, ambako kijana mmoja mwenye kadi shingoni alibandika karatasi za rangi ukutani akatueleza kwamba jamii inaweza kufanya mambo yake yenyewe ikishirikishwa. Tulimpigia makofi. Mimi nilirudi miaka ya sabini.

Kijiji chetu kilikuwa juu, karibu na msitu wa Ngorongoro. Asubuhi ukungu ulikaa mashambani hadi kengele ya pili, na kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Tulikwenda shule na kidumu cha maji mkono mmoja na kuni kichwani. Mapumziko wasichana tulicheza rede kwa mpira wa matambara, tukirudi nyumbani tunakuta makande ya baridi, matamu kuliko chochote kinachouzwa leo kwenye boksi. Magari ya watalii yakipita kwenda kreta tulipunga mikono, tukapata vumbi jekundu, tukaridhika.

Shule yetu iliishia darasa la nne. Darasa la tano lilikuwa kijiji cha pili, na njia ya kwenda huko ilipita pembeni mwa msitu, penye nyati. Baba alikuwa ameshasema: "Msichana hapiti kwa nyati. La nne linatosha, atanisaidia ng'ombe." Nilikuwa darasa la nne mwaka huo. Nililia zizini, nyuma ya ndama, ili asinione.

Kisha mkaguzi akaja na habari. Wilaya ingetupa bati za chumba kimoja cha darasa la tano, ila kuta ziwe zimekamilika kabla ya mvua. Zisipokamilika, bati zinakwenda kwingine. Kijiji kikakaa mkutano, kikaamua kwa busara kubwa: tuna mabalozi wanne wa nyumba kumi, na chumba kina kuta nne. Kila balozi na watu wake, ukuta wao.

Sijawahi kuona kazi ikienda mbio vile. Wanaume walifyatua matofali, wanawake walibeba maji, sisi watoto tulikanyaga udongo hadi magotini. Kila Jumamosi jioni, kama ilivyokuwa desturi ya kazi zote za kuitana, wanawake walileta pombe waliyopika, watu wakanywa wakitazama ukuta wao na kuusema vibaya wa jirani. Jambo moja tu lilisahaulika. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake juu ya urefu.

Balozi Gwandu, aliyependa sifa, alipitisha ukuta wake matofali matatu juu ya zile nyingine. Wa balozi wetu, Mzee Tluway, ulipungua mawili. Fundi wa paa alipokuja alizunguka jengo mara mbili, akakaa chini, akaomba tumbaku.

Gwandu aliambiwa apunguze, akasema watu wake hawabomoi jasho lao. Tluway aliambiwa aongeze, akasema ardhi ya upande wake imeinuka, kwa hiyo ukuta uko sawa ukiutazama kutoka mbali. Kuongeza kungekuwa kukiri kwamba nyumba kumi zetu ni za wavivu. Na aliyemuunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba yangu. Wiki mbili walibishana. Mawingu yalianza kukaa juu ya msitu, na mimi nilianza kuwajua ng'ombe wote kwa majina.

Mama hakuhutubia mtu. Alikutana na wanawake wenzake chemchemini, mke wa Gwandu akiwemo, wakarudi wamenyamaza, jambo ambalo lilipaswa kuwatisha wanaume. Jumamosi wanaume walikuja, wakasogeza mawe mawili matatu, wakakaa kusubiri. Mama akawapelekea mtungi, akawamiminia. Gwandu akaonja.

"Mama Paskalina, hii nini?"

"Maji, mzee. Ya chemchemi, safi kabisa."

"Na pombe?"

"Pombe ni ya kazi iliyokwisha. Hii bado haijaisha."

"Hii ni dharau."

"Basi kunywa polepole, mzee. Yapo mengi."

Jumamosi iliyofuata yalikuja maji tena. Jumatatu asubuhi, bila mkutano na bila kumbukumbu kuandikwa, Gwandu alikuwa juu akiondoa matofali matatu, na baba yangu alikuwa akipanda ngazi na mawili. Hawakutazamana. Bati zilifika, mvua ikanyesha juu yake, nami Januari nikaketi darasa la tano. Mama, ambaye hakujua kusoma, alisimama dirishani siku ile ya kwanza, akautazama ubao, akaenda zake shambani. Nilimpenda sana siku ile, na sikumwambia.

Siku hizi mjukuu wangu anasoma kijiji hicho hicho. Jengo ni zuri, lina rangi na kibao cha wafadhili. Dirisha moja lilivunjika masika yaliyopita, na mtoto anakaa upande huo, mvua ikija anahamisha daftari. Vijana wana kundi la wazazi kwenye simu, watu mia na zaidi, na kila asubuhi wanatumiana maua na "mbarikiwe". Niliandika humo: tukutane Jumamosi tuzibe dirisha. Nikapata vidole gumba vingi. Jumamosi nilikuwa peke yangu na mkwe wangu. Kijana mmoja alipita na pikipiki, akasimama, akauliza kwa adabu zote, "Shikamoo bibi. Huu ni mradi wa nani?"

Nikamjibu marahaba. Wazee wetu walikuwa wakaidi, walipenda sifa, na nusura waniache zizini kwa ajili ya matofali matano. Lakini waligombana kwa sababu kila mmoja alijua ukuta ni wake. Dirisha lile lina mwaka sasa, na hakuna hata mtu mmoja aliyegombana na mwenzake.